Saa Hii ni ya Nani?



Kila mwaka, siku za mtihani wa kuingia Shule ya Sheria ya Makerere zinapokaribia, kuna vijana wanaonifuata msikitini baada ya Swala ya Alasiri. Wengine wametoka kidato cha sita juzi tu, wengine wana stashahada, wengine tayari wana shahada na kazi, kama nilivyokuwa mimi. Swali lao ni moja: "Kaka, uliwezaje kujiandaa huku unafanya kazi?"

Huwa nawapa ratiba. Amka kabla ya Alfajiri, soma mpaka jua lichomoze, beba makala mbili za gazeti za kusoma ndani ya teksi, jipime kwa saa usiku baada ya Isha. Ratiba hiyo ni ya kweli, lakini kuna kitu nimekuwa nikikiacha kila ninapoieleza, nami nimeona nikiandike hapa.

Nilikuwa mwalimu wa Historia katika shule moja ya sekondari ya binafsi nje kidogo ya jiji. Jina lake halina haja, kwa sababu kosa ninalolisimulia ni langu. Nilifundisha kidato cha tatu na cha nne, na mwaka ule niliamua kufanya mtihani wa sheria.

Waliowahi kuufanya wanajua ugumu wake uko wapi. Hauulizi vifungu vya sheria. Unapima lugha, uwezo wa kufikiri, maarifa ya jumla, na jinsi unavyoweza kusoma habari ngeni ukaijengea hoja. Kwa hiyo hakuna kitabu kimoja ambacho ukikimaliza utasema basi, nimemaliza. Kila habari ya redioni inaweza kuwa swali, na kila dakika inaonekana ingefaa kutumika kusoma. Mtihani usio na mpaka humfanya mtu naye asahau mipaka yake. Ndivyo ilivyonitokea.

Ilianza kidogo kidogo. Siku moja nilichelewa kulala, nikaingia darasani nimechoka. Nikawaambia wanafunzi wasome kurasa sita kimya kimya, nikaketi nyuma na karatasi zangu za mazoezi. Dakika 40 zikapita kwa utulivu mkubwa. Wiki iliyofuata nilifanya hivyo mara mbili, na baadaye ikawa desturi. Mwanafunzi aliyenyoosha mkono nilimwonyesha ishara ya kusubiri, nikarudi kwenye karatasi yangu. Mwalimu mkuu akipita dirishani aliona darasa tulivu na mwalimu ameinama juu ya maandishi. Aliniona mwalimu mwenye bidii.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, msichana mmoja wa kidato cha nne aliniletea madaftari ya darasa mezani. Akaziona karatasi zangu.

"Mwalimu, na wewe una mtihani?"

"Ndiyo. Wiki tatu zijazo."

"Mwenyezi Mungu akufaulishe," akasema. Kisha, bila ubaya wowote, akaongeza: "Wetu sisi ni mwezi wa kumi."

Akayapanga madaftari vizuri, akatoka. Hakuwa akinilaumu. Aliniombea dua, nami nikaitikia amin, na kesho yake nikawapa tena kurasa za kusoma kimya.

Ndugu msomaji, huenda unangoja niseme kwamba nilifeli, ili hadithi ipate funzo lake. Sikufeli. Nilifaulu, nikapata nafasi. Jamaa zangu walifurahi, mama yangu akachinja kuku, na mimi nikakaa na jambo ambalo sikuweza kumweleza mtu. Nilijua kwamba sehemu ya ule ushindi ilijengwa kwa saa za watoto wa watu.

Nilijitetea, kama atakavyojitetea yeyote anayetaka kuwa wakili. Nilikuwa na hoja tatu.

Ya kwanza: shule ilikuwa ikichelewesha mishahara, na wakati ule nilikuwa nadai miezi miwili. Nikajiambia kwamba asiyelipa kwa wakati hana haki ya kudai wakati.

Ya pili: nia yangu ilikuwa njema. Umma wetu hapa Uganda una haja ya wanasheria. Ibara ya 129 ya Katiba ya mwaka 1995 inazitaja mahakama za kadhi, kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi, lakini imeliachia Bunge kazi ya kuziunda kwa sheria. Kazi kama hiyo inataka watu waliosoma. Wazee wetu hupenda kumtaja Abu Mayanja, Mwislamu aliyefukuzwa Makerere mwaka 1952 kufuatia mgomo wa chakula, akaenda kusoma Cambridge, na baadaye akawa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Nikajiambia: vipindi vichache vya Historia ni nini mbele ya kazi kama hiyo?

Ya tatu: hata hivyo wanafunzi walikuwa wakisoma. Kitabu kilikuwa mbele yao. Nani ameumia?

Nilimpelekea hoja hizi sheikh wa msikiti wa mtaani kwetu, nikizivika kanzu ya swali la jumla, kama kwamba ni habari ya mtu mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuniuliza huyo mtu ni nani. Akanikumbusha mlango wa ijara katika fikihi, kwamba mwajiriwa ni wa namna mbili.

"Ukimpelekea fundi cherehani kitambaa," alisema, "unanunua kanzu. Akiishona usiku au mchana, akichanganya na nguo za wateja kumi, hayo ni yake, maadamu kanzu imetoka sawa na kwa siku mliyoagana. Lakini ukimwajiri mlinzi, unanunua usiku wake. Hawezi kuuchukua usiku huohuo akaenda kulinda duka la pili. Sasa huyo rafiki yako, ni fundi au ni mlinzi?"

Wanachuo wanawaita ajiri wa wote na ajiri maalumu. Mgawanyo huo uliingia hata katika Majalla, sheria za madai zilizopangwa na dola ya Uthmaniya katika karne ya 19. Maana yake kwetu ni nyepesi kuielewa na nzito kuibeba. Kuna kazi ambayo umeuza matokeo yake, na kuna kazi ambayo umeuza saa zako. Ukishauza saa, si yako tena. Huwezi kuigawa vizuri wala vibaya, kwa kuwa huigawi kabisa. Mwalimu akiwa ndani ya kipindi ni kama yule mlinzi.

Hapo ndipo nilipoona tunakosea tunapoulizana kuhusu kugawa muda. Tunazungumza kana kwamba saa zote 24 ni mkate wetu, na kazi yetu ni kuukata vipande vizuri. Kabla ya kuuliza nitaigawaje siku yangu, kuna swali linalotangulia: saa hii ni ya nani?

Nilipozirudia hoja zangu kwa swali hilo, hazikusimama. Mshahara? Ni kweli shule ilikuwa na deni kwangu, na nilikuwa na haki ya kulidai, kuandika barua, hata kuacha kazi. Lakini deni lilikuwa la mwenye shule, na nilichochukua kilikuwa cha wanafunzi, ambao hawakunidai wala sikuwadai. Hakimu hawezi kumruhusu mtu ajilipe kutoka mfuko wa jirani wa mdeni wake. Nia njema? Nia njema huipa uzito amali ya halali. Haiibadilishi amana iliyovunjwa ikawa amana iliyotunzwa. Nami sikuona jinsi ya kujenga mahakama ya haki kwa matofali niliyoyatoa darasani bila idhini. Na ile hoja kwamba hakuna aliyeumia niliikana mwenyewe nilipomkumbuka yule aliyenyoosha mkono. Sikujua hata alitaka kuuliza nini.

Sura ya al-Mutaffifin tunaizoea tukidhani inawahusu wauzaji wa mchele na sukari wa Kikuubo peke yao. Inawaonya wanaodai kipimo kamili wanapopokea na kupunja wanapotoa. Mimi niliudai mshahara wangu mpaka shilingi ya mwisho, kwa maandishi na kwa tarehe. Nilipokuwa natoa, nilipunja.

Na toba ina masharti. Dhambi baina ya mja na Mola wake ni jambo moja. Haki ya mtu ni jambo jingine, nayo hairudishwi kwa istighfari tu. Pesa ungeirudisha. Saa utairudishaje?

Nilichukua daftari langu la maandalio, nikahesabu kwa kadiri nilivyoweza kukumbuka. Kwa kidato cha nne vilikuwa vipindi 24. Dakika 960. Saa 16. Wakati huo nilikuwa nimeshaacha kazi na kuanza mwaka wa kwanza wa sheria. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza wazi nilichofanya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba si mimi peke yangu, na kwamba Jumamosi darasa liko wazi. Muhula wa tatu nikaenda Jumamosi nane, saa mbili kila mara, bila malipo.

Sitaki kulipamba jambo hili. Darasa lilikuwa na wanafunzi 38. Jumamosi ya kwanza walikuja 11. Wengine siku hiyo huwasaidia wazazi sokoni, wengine hufua, wengine hawakuona sababu ya kuniamini tena. Yule msichana alikuja zote nane. Nilimwomba radhi yeye na wenzake waliokuwepo; wakacheka kwa aibu, kama watoto wanavyocheka mtu mzima anapowaomba radhi, kisha tukafungua kitabu. Waliobaki nyumbani bado nawadai msamaha, au tuseme wao ndio wananidai. Mwezi wa kumi ulipofika walikwenda kwenye mtihani wao na kile nilichowapa, pamoja na kile nilichowanyima.

Huenda utasema: wewe ulikuwa mwalimu, mimi ni mwanafunzi tu, sijamwuzia mtu saa zangu. Jiangalie vizuri. Kama unasoma stashahada yako huku ukijiandaa kwa sheria, kuna mzazi kule Arua, au Iganga, au Masaka, aliyeuza mazao ili wewe ukae katika ule ukumbi wa mihadhara. Alikupa kwa ajili ya masomo hayo. Ukikaa nyuma na karatasi za mtihani mwingine, angalau umwambie. Huenda akakuruhusu kwa furaha, na ruhusa yake itaibadilisha hukumu yote. Kama una kazi ya dukani na mwenye duka amekuambia, "Wateja wakikosekana soma tu," basi soma, saa hiyo amekupa. Mara nyingi tulichokosa ni ujasiri wa kuomba tu. Mimi sikuwahi kumwomba mwalimu mkuu anipunguzie vipindi kwa mwezi mmoja. Niliogopa atakataa, nikachukua zaidi ya ambacho ningeomba.

Wala usiende upande wa pili, ukazifidia saa za kazi kwa kuua usingizi wako na kuwasahau watu wako. Mnakijua kisa cha Salman na Abu Dardaa, Mungu awawie radhi: Salman alimzuia nduguye aliyekuwa akifunga mchana na kusimama usiku kucha, akamkumbusha kwamba Mola ana haki, nafsi ina haki na ahali wana haki, na kila mmoja apewe haki yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamsadikisha Salman. Kama ibada ya Sunna yenyewe haikuachwa ile haki za wengine, mtihani wa sheria ni nani?

Baada ya kutoa kilicho cha watu, zitabaki saa chache. Kwangu zilikuwa kama mbili na nusu kwa siku: baada ya Alfajiri, ndani ya teksi kwenye foleni, na baada ya Isha. Ni chache. Huenda kwa saa hizo peke yake ningehitaji mwaka mmoja zaidi kabla ya kufaulu. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na nimeona kwamba mwaka mmoja ndiyo ilikuwa bei halali ya kile nilichokitaka.

Tukimaliza hapa miaka minne, tutakwenda kwenye kozi ya uwakili ya Law Development Centre, na baada ya hapo watu watatuletea kesi zao pamoja na pesa zao, wasijue kama saa tulizowaandikia kwenye ankara tulizitumia kweli kwa ajili yao. Hakuna atakayepita dirishani kukagua, na akipita, ataona wakili ameinama juu ya maandishi. Tabia ya siku hiyo hatutaisomea darasani. Tunajizoeza nayo sasa, kabla hata ya kuingia.

Kwa hiyo ukinifuata mwaka huu baada ya Alasiri, nitakupa ratiba ileile. Ila kabla ya kukupa nitakuuliza saa ulizoziorodhesha ni za nani.

Allah atujaalie wenye nguvu na waaminifu, atubarikie saa chache zilizo zetu, na atusaidie kurudisha zisizo zetu. Amin.