Je, Mwenye Silaha Aseme Asipoulizwa?



Swali tunaloliweka mbele yenu mwezi huu ni hili. Mkristo anaendesha gari lake kutoka Nzega kuja Tabora. Kiunoni, chini ya koti, ana bastola, na leseni ya silaha hiyo imo mfukoni. Ameipata kwa njia ya haki, wala hana nia mbaya na mtu. Askari wa usalama barabarani amsimamisha. Aomba leseni ya udereva, aulizia bima, kizima-moto na pembetatu. Juu ya silaha hasemi neno, kwa sababu hajui kama ipo. Je, Mkristo yule aseme, au anyamaze?

Huenda wengine wakasema kwamba swali hili ni la wachache. Ni kweli, wenye bastola kati yetu si wengi. Lakini yupo mfanyabiashara wa ng'ombe arudiye mnadani na fedha, na yupo mnunuzi wa tumbaku apitaye porini usiku. Kando yao huketi mke, mtoto, au jirani aliyeomba msaada wa usafiri. Tena askari wale wa barabarani wengine ni waumini wenzetu, tunaoshiriki nao Meza moja. Na chini ya swali hili lipo jingine linalomhusu kila mtu, hata asiyeshika silaha maisha yake yote: je, yatosha kwamba sikusema uongo?

Tuanze na sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, yataka kila mwenye silaha awe na leseni, na askari akiidai yampasa aionyeshe. Hapo hakuna mjadala kwa Mkristo. Lakini sheria hutuambia tujibu nini tukiulizwa. Dhamiri ndiyo inayobaki na kazi ya kutuambia la kufanya tusipoulizwa.

Mji wetu una sababu ya kulifikiri jambo hili kuliko miji mingine. Njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, ilikuwa njia ya pembe na ya watumwa, na kwa ajili hiyo ilikuwa njia ya bunduki. Stanley alipofika hapa mwaka 1871 alikuta njia ya Ujiji imefungwa kwa vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora, akalazimika kuzunguka kusini. Kusimamishwa njiani nako si jambo jipya. Misafara ilisimamishwa Ugogo na penginepo, na watawala wa nchi wakadai hongo, yaani ushuru wa kupita. Neno hilo leo limeharibika, na sote twajua maana yake ya sasa.

Lakini ilikuwapo desturi moja inayofaa kukumbukwa. Msafara ulipokaribia mji, watu wake walipiga bunduki hewani ili wenyeji wajue ya kwamba wageni wanakuja. Stanley alifanya hivyo alipoingia Ujiji. Sasa tufikiri kidogo. Gobore la kushindiliwa baruti likishalia, limekuwa tupu; mwenyewe hawezi kumdhuru mtu nalo mpaka alishindilie tena. Basi mlio ule haukuwa majivuno matupu. Ulikuwa hodi. Mwenye silaha alijitangaza kabla ya kufika mlangoni pa mwenziwe, na kwa kujitangaza akamwondolea mashaka.

Turudi kwa dereva wetu. Jibu la kwanza analoweza kutoa ni hili: "Sikuulizwa, nami sikudanganya." Jibu hili lina nguvu, tusilidharau. Si kila kilichofichwa ni uongo. Mwaka 1873 Susi na Chuma na wenzao walipita hapa Tabora wakiuchukua mwili wa Dakt. Livingstone kuupeleka pwani. Walipofika Kasekera, mashariki ya hapa, wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Basi wakafunga mzigo wa uongo, wakautuma nyuma kana kwamba unakwenda kuzikwa, na mwili wenyewe wakaufunga ufanane na robota la nguo, wakapita nao. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo. Wachache miongoni mwetu wangewahukumu watu wale kuwa waovu. Twawaheshimu kwa uaminifu wao.

Hata hivyo tuangalie tofauti. Robota lile lilificha kitu kisichoweza kumdhuru mtu yeyote. Wenyeji wa Kasekera walichukizwa na maiti kwa desturi zao, lakini maisha yao hayakuwa mikononi mwa wasafiri. Bastola si hivyo. Bastola iliyofichwa ina uwezo juu ya maisha ya mtu asimamaye mbele yako, naye hana habari. Hapa ndipo tunapoiona kanuni: uzito wa kunyamaza haupimwi kwa maneno yaliyosemwa au yasiyosemwa tu, bali hupimwa kwa mzigo ambao kimya changu kinamtwika mwenzangu. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Maandiko nayo yatupa mifano. Katika Kitabu cha Waamuzi, Ehudi aliufunga upanga wake pajani upande wa kuume, ndani ya nguo, akaingia kwa mfalme Egloni kama mchukua kodi. Katika Samweli wa Pili, Yoabu alimsalimu Amasa kwa neno la kindugu na kumshika ndevu ili ambusu, na Amasa hakuuangalia upanga uliokuwa katika mkono wa pili. Tangu siku zile kila askari wa doria ana haki ya kuogopa salamu nzuri. Lakini Nehemia atuonyesha watu wengine: wajenzi wa ukuta waliofanya kazi wakiwa na silaha zao waziwazi, kila mtu akijua. Sisi wa Unyamwezi tuliona jambo kama hilo sungusungu ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe. Upinde na mishale vilionekana toka mbali. Mtu aliweza kuvichukia, lakini hakuweza kusema amedanganywa.

Tena silaha hudhuru hata pasipo nia mbaya. Mwaka 1882 huko Urambo, Dakt. Southon, mganga wa Shirika la Misheni la London, alijeruhiwa mkono kwa risasi iliyotoka kwa ajali, akafariki mwaka ule ule. Hakuna aliyemchukia. Bunduki haikuhitaji chuki. Dereva akiinama kutoa karatasi, koti likafunguka, askari akaona mpini wa bastola ghafula, nani atasema mkono wa nani utatangulia?

Kwa hiyo mtu angeweza kumaliza upesi na kusema, basi aseme, mambo yamekwisha. Lakini kuna ushuhuda mzito unaopinga jibu hilo jepesi, nasi hatuwezi kuuruka.

Tarehe 6 Julai 2016, katika mji wa Falcon Heights, jimbo la Minnesota, Marekani, polisi alisimamisha gari la Philando Castile, mtu mweusi mwenye umri wa miaka 32, aliyefanya kazi katika jiko la shule. Sababu iliyotajwa ilikuwa taa mbovu ya nyuma. Castile alikuwa na silaha, na kibali cha kuichukua alikuwa nacho. Katika majimbo mengine ya Marekani, kama Michigan, mwenye silaha apaswa kumwambia polisi mara tu anaposimamishwa. Katika Minnesota hapaswi kusema mpaka aulizwe. Castile alisema kabla ya kuulizwa, kwa heshima na kwa sauti ya utulivu. Muda si muda polisi alifyatua risasi saba, Castile akafa. Ndani ya gari walikuwamo mchumba wake na mtoto wa miaka minne. Mwezi wa Juni 2017 baraza la mahakama lilimwona polisi yule hana hatia.

Huyu alisema kweli zaidi ya sheria ilivyomtaka, na kweli haikumwokoa. Tuseme nini basi? Kwamba afadhali angenyamaza?

Twajibu kwa unyenyekevu mambo mawili. La kwanza, wema wa tendo hauhukumiwi kwa mwisho wake peke yake. Mtu aliyesema kweli akauawa hakukosea kwa kusema kweli. Kosa litafutwe kwa aliyeisikia. Tukiifanya kweli kuwa biashara ya kupata usalama, siku isipolipa tutaiacha. La pili, kifo kile chatuonyesha ya kwamba wajibu huu hauwezi kubebwa na mtu mmoja. Neno "silaha" lilisikika, na mtu aliyelitamka akasahauliwa. Askari aliyefundishwa kuogopa rangi ya mtu au mavazi yake hataisikia kweli hata ikinenwa taratibu. Basi mwenye silaha apaswa kusema, na mwenye mamlaka apaswa kusikia. Wajibu mmoja ukikosekana, ule wa pili hautoshi.

Kwa hiyo, kwa mwenye silaha, twashauri hivi. Simamisha gari, zima injini, na ikiwa ni usiku washa taa ya ndani. Weka mikono juu ya usukani ionekane. Salimu kwanza, kama ilivyo desturi yetu. Mwangaluka moja yaweza kumkumbusha askari ya kwamba mbele yake yupo mtu kabla hajasikia habari za chuma. Kisha anza na leseni, si na silaha: "Afande, ninayo leseni ya kumiliki silaha, nayo silaha ninayo hapa kiunoni. Niagize nifanyeje." Usiiguse, usiielekee kwa mkono, usifungue koti kuionyesha. Ngoja uagizwe. Na kabla hamjaondoka nyumbani, wale utakaosafiri nao wajue, maana maisha yao yamo katika gari hilo hilo. Mama hapaswi kuijua bastola ya mumewe kwa mara ya kwanza kwenye kizuizi cha polisi.

Yupo mwingine wa kuonywa, yule asemaye ili atishe. Askari akimwambia kosa lake, yeye huliacha koti lifunguke na kuuliza kama anajulikana ni nani. Huyu hakupiga hodi. Huyu amevunja mlango. Maneno yake na ya yule wa kwanza yaweza kufanana yote, ila mmoja amesema ili mwenzake asiogope, na mwingine amesema ili aogope. Mungu aitazamaye mioyo anawatenga hawa wawili, hata kama askari hawezi.

Na kwa ndugu zetu askari: mtu akikuambia ukweli ambao angeweza kuuficha, amekupa heshima. Usimfanye mhalifu kwa sababu hiyo. Tazama leseni yake, mwagize kwa maneno machache yaliyo wazi, jambo moja kwa wakati mmoja, kisha mwache aende. Wala usiigeuze kweli yake kuwa nafasi ya kudai hongo ile iliyoharibika. Askari akimwadhibu msema kweli leo, kesho wapitao wote watanyamaza, na atakayelipa gharama ni askari mwenzake kwenye kizuizi kinachofuata.

Mtu atauliza mwishoni kama Mkristo achukue silaha kabisa. Wanafunzi wa Bwana walikuwa na panga mbili usiku ule, na Petro alipoutumia wake, Bwana alimwamuru aurudishe, akaliponya sikio la Malko. Kanisa halijamkataza mtu kujilinda kwa njia ya sheria, wala hatutaki kuweka kongwa pasipo amri. Lakini twasema hivi: yeyote achukuaye silaha hachukui chuma tu. Amejitwika pamoja nacho hofu ya wengine, nayo lazima aichunge kama anavyochunga risasi zake. Asiyekuwa tayari kusema hodi, na aiache bastola nyumbani, imefungwa kwa ufunguo.

Nasi tusio na bastola tujichunguze pia. Wengi wetu twachukua chini ya koti jambo ambalo jirani angepaswa kulijua: deni tulilomwekea dhamana pasipo yeye kujua, au ugonjwa uwezao kumwambukiza, au shauri tulilolifikisha kwa wakubwa juu yake. Hatukudanganya, maana hakuuliza. Na tuulize kama kimya chetu kinamtunza yeye, au kinatutunza sisi peke yetu.

Bwana awalinde wasafiri na walinzi wa njia zetu zote. Amina.