Je, Mlima Ulikuwa Umefichwa?



Watoto wetu wanaosoma sekondari hurudi nyumbani na maneno mazito kutoka katika somo la historia: Mwamko wa Elimu, Matengenezo ya Kanisa, Uvumbuzi. Huyakariri kwa ajili ya mtihani, kisha huyaacha. Nasi wazazi tunanyamaza, tukidhani kwamba hayo ni mambo ya Ulaya ya kale yasiyotuhusu sisi tunaoishi Kahe. Mwezi huu tunapenda kuyachukua maneno haya matatu na kuyapima kwa Amri ya Tisa (ndugu zetu Walutheri huihesabu kuwa ya Nane), ile inayokataza ushahidi wa uongo. Swali letu ni hili: je, neno laweza kuwa shahidi wa uongo hata kama anayelitamka hakukusudia kudanganya?

Tuanze na Mwamko. Kati ya karne ya 14 na ya 16, kwanza Italia na baadaye nchi nyingine za Ulaya, wasomi walianza kuvitafuta tena vitabu vya kale vya Kilatini na Kiyunani. Hawakuridhika kupokea maji yaliyopita katika mitungi mingi. Walitaka kwenda kwenye chemchemi yenyewe. Mmoja wao, Erasmus, alipiga chapa Agano Jipya la Kiyunani mwaka 1516. Watu walipolisoma, waliona kwamba baadhi ya mambo waliyozoea kuyasikia hayakuwa yameandikwa hivyo. Neno Mwamko, basi, linasema kweli. Aliyelala aliamka, wala hakudai kwamba yeye ndiye aliyeliumba jua.

La pili ni Matengenezo. Tarehe 31 Oktoba 1517, Martin Luther alitoa hoja zake 95 kupinga biashara ya hati za msamaha. Mwaka 1522 alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani, na mwaka 1526 William Tyndale alitoa la Kiingereza. Tyndale aliuawa mwaka 1536. Katika Kanisa la Uingereza, Kitabu cha Sala cha kwanza cha Kiingereza kilitoka mwaka 1549 chini ya Askofu Mkuu Thomas Cranmer, naye akachomwa moto mwaka 1556. Katika Makala 39 za Dini, ambazo sisi Waanglikana tumerithi, Makala ya 24 inakataza sala za hadharani kusomwa kwa lugha ambayo watu hawaielewi. Watu walikufa ili mama aliye shambani asikie habari za Mungu kwa lugha aliyoitumia kumbembelezea mtoto.

Tena tuliangalie neno lenyewe. Kutengeneza si kujenga kitu kipya. Wakulima wa mlimani na wa tambarare wanajua maana yake kila msimu wa mfereji unapofika. Matope yamejaa, majani yameziba, na maji hayafiki kwa aliye mwisho wa mstari. Wanaume hutoka na majembe yao wakausafisha. Hakuna anayesimama baada ya kazi na kusema kwamba yeye ndiye aliyeleta maji, kwa maana maji yalikuwapo. Hilo nalo ni neno la kweli, na tena lina unyenyekevu ndani yake.

Sasa tuje kwa la tatu, Uvumbuzi. Hapa ndipo tunapokwama.

Kuvumbua, kwa Kiswahili chetu, ni kukiibua kitu kilichokuwa kimefichika. Vitabu vimetuambia kwa miaka mingi kwamba Mlima Kilimanjaro ulivumbuliwa na Johannes Rebmann tarehe 11 Mei 1848. Lakini mlima huu tunauona kutoka Kahe kila asubuhi isiyo na mawingu. Mababu wa Wakahe waliuona. Wachagga walilima migomba yao juu ya mabega yake na kuchimba mifereji iliyoshusha maji. Wafanyabiashara wa pwani waliufikia na misafara yao kutafuta pembe. Ulifichwa na nani, na kwa nani?

Hata Ulaya yenyewe haikukosa habari kabisa. Mwaka 1519, miaka miwili tu baada ya hoja za Luther, Mhispania Martín Fernández de Enciso alipiga chapa kitabu cha jiografia kinachotaja mlima mrefu mno ulio magharibi ya Mombasa. Hiyo ilikuwa miaka 329 kabla ya Rebmann.

Rebmann mwenyewe tusimdhulumu. Alikuwa Mjerumani aliyetumwa na CMS, chama cha kimisionari cha Kanisa letu, na alitoka Rabai katika msafara ulioongozwa na Bwana Kheri. Aliandika kwamba alipoona weupe juu ya mlima alidhani ni wingu, na kiongozi wake akamwambia kwa neno moja tu kwamba hiyo ni baridi. Basi katika maandishi ya Rebmann mwenyewe tunamkuta mtu aliyejua kabla yake. Habari zake zilipofika Uingereza mwaka 1849, msomi mmoja wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika huku, alizikataa kwa nguvu. Theluji karibu na Ikweta? Haiwezekani! Ilibidi Baron von der Decken aje mwaka 1861 na tena mwaka 1862 ndipo wengi wakasadiki. Rebmann alirudi kwao mwaka 1875 akiwa kipofu, akafa mwaka 1876. Shahidi huyu aliyeona kwa macho yake alionja yaleyale wanayoonja wenyeji: kusema kweli na kutosadikiwa kwa sababu mwenye elimu yuko mbali na hakubali.

Wengine watatuambia: ‘Mnapigania neno dogo tu. Maana yake ni kwamba alikuwa wa kwanza kutoka Ulaya.’ Hoja hiyo ina haki yake, nasi twaijibu kwa urahisi: basi na isemwe hivyo. Kusema ‘Mzungu wa kwanza kuuona Kilimanjaro na kuandika habari zake’ hakumpunguzii Rebmann kitu, wala hakumfuti Bwana Kheri.

Lakini neno hilo si dogo, kwa sababu liliwahi kufanya kazi ya hati ya shamba. Mwaka 1455 Papa Nicholas V alimpa mfalme wa Ureno haki juu ya nchi za wasio Wakristo katika pwani za Afrika. Mwaka 1493 Papa Alexander VI aliwapa wafalme wa Hispania haki ya namna hiyo upande wa magharibi. Kutokana na barua hizo likakua fundisho kwamba mfalme Mkristo akivumbua nchi, nchi ni yake, na waliomo ndani yake ni kama hawamo. Wafalme Waprotestanti nao walilitumia bila kumwomba Papa ruhusa. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi. Rubani aliyepewa Malindi ndiye aliyemwonyesha njia ya Bara Hindi, njia ambayo mabaharia wa pwani waliijua, na bado twaambiwa kwamba Mreno aliivumbua. Baadaye hapa kwetu zikaja hati, bendera na bunduki, na tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli akanyongwa Moshi. Hatusemi kwamba neno moja ndilo lililomnyonga. Tunasema kwamba ni rahisi kumnyang'anya mtu nchi ikiwa kwanza umeizungumzia kana kwamba hakuwamo.

Kwa hiyo tunashukuru kwamba makanisa yameanza kulitengeneza hata hili. Ndugu zetu Waanglikana wa Marekani, yaani Kanisa la Episkopali, walilikataa fundisho hilo mwaka 2009, na Vatikani ililikataa tarehe 30 Machi 2023. Majina nayo hurekebishwa. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 walikipa jina la mfalme wa Ujerumani. Tangu mwaka 1961 kinaitwa Uhuru. Na Marangu wanamkumbuka Yohani Lauwo kuwa kiongozi wao.

Hata hivyo, wapendwa, tukiishia kuwalaumu watu wa mbali tutakuwa tumesoma nusu ya somo. Je, sisi hatuna uvumbuzi wetu?

Ni mara ngapi mwinjilisti au kasisi ameandika katika taarifa kwamba ‘alianzisha’ kanisa mahali fulani, na kumbe kina mama watatu walikuwa wakikutana hapo chini ya mti kwa miaka mingi wakiomba? Ni mara ngapi tumesikia kwamba eneo fulani la tambarare ni ‘pori tupu’, na kumbe wako watu wanaolisha hapo, wanaokata kuni hapo, na wazee wao wamezikwa hapo? Neno ‘pori’ laweza kufanya kazi ileile ya neno ‘uvumbuzi’. Tena ni mara ngapi mkulima asiye na cheti amesema kwamba maji ya mto yamepungua, asisadikiwe mpaka aje mtaalamu na kitabu chake? Hapo sisi tumekuwa akina Cooley.

Mtume Paulo alipofika Athene hakuwaambia Wayunani kwamba anawaletea Mungu asiyewahi kufika kwao. Alianza na madhabahu waliyokuwa nayo, akawaambia kwamba Mungu hakuwa mbali nao. Mlimani watu walimwita Mungu Ruwa kabla ya mmisionari yeyote kupanda, na Walutheri walipohubiri kwa Kichagga walilitumia jina hilo. Hata Biblia yetu ya Kiswahili haikushuka na meli ikiwa tayari. Krapf alipoanza kutafsiri Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844, alisaidiwa na kadhi Mwislamu, Ali bin Mohidin. Mmisionari alileta Habari Njema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake, hakumleta Mungu.

Basi turudi kwa swali letu. Naam, neno laweza kushuhudia uongo hata kama msemaji hana nia mbaya, kwa maana linamfuta jirani aliyekuwapo. Na aliyekwisha kuambiwa hana udhuru tena. Tunawaomba wazazi mfanye jambo moja jepesi. Mtoto akija na daftari lake la historia, msimkataze kulijibu swali la mtihani kama alivyofundishwa. Mtoke naye nje mahali unapoonekana mlima, mkamwulize: aliyekuja alionyeshwa njia na nani? Akijua kuliuliza swali hilo, atajua kuliuliza pia siku atakapokuwa mkubwa na kuambiwa kwamba shamba la jirani yake halina mwenyewe.