Moyo wa Mwenye Kushuhudia Kisasi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaoishi katika nchi za Ghuba tumepata kusikia, au watoto wetu wamepata kutuuliza, habari za mtu aliyekatwa kichwa hadharani kwa hukumu ya kisasi. Hukumu ya kisasi imo katika sharia, wala siyo tutakayoijadili hapa. Tunalotaka kuliuliza ni jengine: yule aliyesimama pembeni akitazama, moyo wake wapaswa kuwa katika hali gani?

Katika mji wa Riyadh upo uwanja wa Dira, ambako kwa miaka mingi hukumu hii ilitekelezwa mbele ya watu, aghlabu baada ya sala ya Ijumaa. Mshika upanga mmoja wa Saudia, Muhammad Saad al-Beshi, alizungumza na gazeti la Arab News mwaka 2003. Alisema kwamba watazamaji wengi huzimia, naye hustaajabu kwa nini asiyeweza kustahamili huja kutazama. Kisha akasema jambo kubwa zaidi: kwamba kabla ya kuitekeleza hukumu yeye huwaendea jamaa wa aliyeuawa na kuwaomba wamsamehe muuaji, na hubaki na tumaini hilo mpaka dakika ya mwisho.

Wala tusidhani kwamba kukusanyika namna hii ni jambo la Waarabu peke yao. Huko Ufaransa, katika mji wa Versailles, tarehe 17 Juni 1939, muuaji aitwaye Eugen Weidmann alikatwa kichwa kwa gilotini mbele ya umati. Watu wale walifanya ghasia na furaha hata serikali ikaona haya, na katika mwezi huo huo ikakataza hukumu hiyo isitekelezwe tena hadharani. Kukata vichwa hawakukuacha. Kuliendelea ndani ya magereza hadi mwaka 1977. Kilichowatia aibu ni watazamaji.

Basi ni nani aliye karibu zaidi na haki: mwenye kushangilia, mwenye kuzimia, au mshika upanga aliyekwenda kumwombea msamaha mtu atakayemkata kwa mkono wake?

Jawabu tutalipata tukiitazama sharia yenyewe. Katika Suratul Baqara, aya ya 178, Mwenyezi Mungu ameweka kisasi, na katika aya hiyo hiyo amemfungulia walii wa aliyeuawa mlango wa kusamehe na kupokea fidia, na akamtaja kuwa ni ndugu wa muuaji. Kisasi ni haki ya walii, na kusamehe ni fadhila yake, na mlango huo haufungwi mpaka upanga ushuke. Imepata kutokea, tena si mara moja, kwamba mtu amekwisha kupigishwa magoti, ndipo walii akatamka neno la msamaha.

Hapo ndipo ulipo mtihani wa mtazamaji. Na ajiulize: walii akisamehe sasa hivi, je, nitafurahi, au nitaondoka kama mtu aliyenyimwa alichokifuata? Akijiona kuwa ni huyu wa pili, basi na ajue kwamba hakuja kwa ajili ya haki, kwani haki ilikuwa ya mwengine, na mwenyewe ameiachilia. Yeye alikuja kwa ajili ya damu.

Huenda mtu akasema: Je, Suratun Nur, aya ya 2, haikuamrisha kwamba wazinifu waadhibiwe mbele ya kundi la Waumini, na kwamba huruma isitushike katika dini ya Mwenyezi Mungu? Na sisi Maibadhi, je, hatukuamrishwa baraa, yaani kujitenga na mwenye dhambi kubwa? Hayo ni kweli, na hayafai kupitwa hivi hivi. Huruma iliyokatazwa ni ile inayoizuia hukumu isipite, siyo ile inayokaa moyoni hali hukumu inapita. Kadhi aweza kuhukumu huku machozi yakimtoka, na hukumu isipungue kitu. Ama baraa, ni kuichukia dhambi na kumkana mwenye kuishikilia, nayo huondoka anapotubia. Na itikadi yetu ni kwamba mwenye kufa juu ya dhambi kubwa bila ya toba atadumu Motoni. Mwenye kuamini hivyo, akamwona mwanadamu amebakiwa na pumzi chache za kutubia, atacheka vipi? Huyo ndiye anayepaswa zaidi kunyamaza na kumtakia toba.

Ameipokea Imam Muslim habari ya mwanamke wa kabila la Ghamid aliyekuja mwenyewe kwa Mtume (S.A.W.) kukiri zinaa, akapigwa mawe. Damu ikamrukia Khalid bin Walid, naye akamtukana. Mtume (S.A.W.) akamkataza, akaeleza ukubwa wa toba ya mwanamke yule, kisha akaamrisha asaliwe, akazikwa. Hukumu haikurudishwa, uliorudishwa ni ulimi wa mtazamaji.

Kwa hivyo mwenye kuzimia tusimcheke, kwani mwili wake umeijua thamani ya roho. Wa kumwogopea ni yule asiyehisi kitu. Na siku hizi mtoto hahitaji kwenda uwanjani. Picha za namna hii humfikia mkononi kwa simu, nyengine za hukumu, nyengine za dhulma tupu, na hutazamwa mara kumi. Mara ya kumi moyo hautetemeki tena, na ile khofu iliyokusudiwa kumzuia mtu na kuua ndiyo iliyokufa. Mzazi, ifute picha hiyo, usimpelekee mwenzako, na mkumbushe mwanao kwamba aliyeuawa ana mama, na aliyekatwa naye ana mama.

Mwenyezi Mungu azilainishe nyoyo zetu bila ya kuidhoofisha haki, na atujaalie toba kabla ya mauti. Amin.

Wabillahi tawfiq.