Jua Lisilochagua



Sisi tuliokulia Ubwari, ile rasi ndefu ya Fizi inayoingia katika Ziwa Tanganyika, tulizoea kuona jua likitokea Burundi. Wavuvi walikuwa wakirudi na ndagala, taa za mitumbwi zikizimwa moja moja, na milima ya ng'ambo, upande wa Rumonge, ikianza kuwa myekundu. Mwaka 1858 Waingereza Burton na Speke walipita hapo kwa mitumbwi wakitafuta chanzo cha mto Nile, wakadhani Ubwari ni kisiwa. Sisi watoto nasi tulikosea kwa namna yetu: tulidhani nchi ambako jua linatokea lazima iwe nchi ya amani.

Vita vilipotuvusha ziwa, tulijifunza mengine. Warundi nao walikuwa wamekimbia kwao mwaka 1972 na 1993, wengi wakaja kwetu Uvira na Fizi. Sasa hapa Muyinga jua linatokea upande wa Tanzania, nako Warundi wengi walikimbilia tena mwaka 2015. Hakuna mahali ambapo jua hutokea bila kukuta machozi.

Ndiyo sababu kuna swali linalotusumbua. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, katika kambi ya Gatumba karibu na mpaka wa Kongo, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao Banyamulenge. Asubuhi yake jua lilitoka kama kawaida. Liliwaangazia waliolia, likawaangazia na waliotoka kuua. Mama mmoja wa kanisa letu alituuliza: "Mchungaji, Mungu alishindwa kuwanyima jua hata siku moja tu?"

Hatukuwa na jibu. Tulijua Mathayo 5:45, kwamba Baba wa mbinguni huwatolea jua wabaya na wema. Tulikuwa tumehubiri mstari huo mara nyingi. Lakini ni rahisi kuuhubiri mtu akiwa hajafiwa, tena akijihesabu upande wa wema.

Baadaye tulikwenda Gitega kwa semina ya wachungaji. Tuliamka kabla ya mapambazuko, tukasimama nje na mchungaji mmoja Mrundi, ambaye naye alipoteza ndugu zake mwaka 1993. Ukungu ulikuwa umejaa mabondeni. Tulimweleza swali la yule mama. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Waliowaua ndugu zangu walipenda giza. Jua lilipotoka halikuwapongeza. Liliwaonyesha."

Tangu siku hiyo tunaamini hivi. Mungu akimpa mwovu siku nyingine, hajamwambia kwamba hana hatia. Amempa muda wa kutubu, na mwanga wa kuona alichofanya. Kwa hiyo kusamehe si kufunika. Mwenye kusamehe anaweza kusimama mbele ya hakimu akasema kweli yote, bila kutamani damu. Yule mama halazimiki kunyamaza ili aitwe mkristo mwema.

Lakini siku hiyo hiyo tumepewa na sisi. Tunaitumiaje? Asubuhi pale bombani, jua likiwa limetoka, tumeona watu wazima wakisukuma pembeni bidoni ya mtoto kwa sababu ya kabila la baba yake. Tusiwanyoshee wengine kidole. Sisi wenyewe tuliishi miezi mingi bila kumsalimu jirani yetu, kwa sababu lugha yake ilitukumbusha usiku wa kukimbia. Yeye hakuwa ametutenda lolote. Tulipomsalimu hatimaye, alituambia alikuwa akituogopa sisi.

Basi wapendwa, kesho asubuhi kabla ya foleni ya maji, kila mmoja atoke nje alitazame jua likitoka. Kulifurahia si kuwasahau tuliowazika. Kisha amtafute yule mmoja ambaye hamsalimu, aanze na salamu.

Mungu awabariki nyote. Amina.