Je, Mwenye Njaa Hana Miiko?

Methali isemayo "Mwenye njaa hana miiko" hufundishwa madarasani kana kwamba ni kanuni ya maumbile. Mwalimu huiandika ubaoni, hueleza maana yake, kisha huendelea na methali ya pili. Lakini ndani yake mna dai zito: kwamba binadamu akipungukiwa na chakula hupungukiwa pia na haki ya kuchagua, na kwamba ulimi wake haubakiwi na kazi ila kusaidia kumeza. Napenda kulipima dai hilo kwa kitu kidogo sana, nacho ni vipande viwili vya mkate vilivyobanwa jibini na nyanya, vikakaangwa kwa namna ya Kiitalia juu ya jiko la makaa, katika nyumba ya mkimbizi aliyeko Malawi.

Kambi ya Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita 40 na ushei kaskazini mwa mji wa Lilongwe. Kabla ya kufunguliwa kwa ajili ya wakimbizi mwaka 1994, mahali hapo palikuwa gereza ambamo serikali ya Kamuzu Banda iliwafungia wapinzani wake. Leo wanaishi huko watu zaidi ya 50,000, idadi iliyopita mbali makusudio ya mwanzo. Wengi wao wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na lugha inayowaunganisha sokoni na kisimani ni Kiswahili chetu hiki. Wapo waliohamia mjini, wakapanga vyumba katika vitongoji kama Biwi na kufungua viduka. Mwezi wa Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokaa nje ya kambi warudi Dzaleka, na mwezi wa Mei polisi wakaanza kuwakamata. Nayataja haya kwa kuwa maelezo ya mapishi hupenda kusema "jipikie nyumbani", na neno hilo la mwisho si jepesi kwa mtu wa Biwi.

Basi na tuchukue mfano wa mama mmoja wa Kivu aliyepata kwacha chache kwa kushona nguo. Kwao aliijua jibini. Katika milima ya Masisi, magharibi ya Goma, hutengenezwa jibini ngumu ya maziwa ya ng'ombe, inayofanana na Gouda ya Uholanzi; ufundi huo uliletwa na Wabelgiji, na wenyeji wakaushika hata ukawa wao. Sasa mama huyu anapita katika duka kubwa la Lilongwe, anaiona jibini, anauliza bei, anasita, kisha ananunua kipande. Jirani zake wanamlaumu kwa sauti mbili. Wa kwanza anasema: mgao hautoshi, nawe wala anasa! Wa pili anasema: hii ni kuiga Wazungu.

Tuanze na lawama ya kwanza, maana ndiyo nzito. Mashirika ya misaada yana kipimo chao cha kupangia chakula wakati wa dharura, nacho ni kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Ni kipimo chema. Bila hesabu wengi wangekufa. Lakini kilokalori haina ladha. Unga, maharagwe na mafuta vyaweza kuitimiza hesabu mwaka mzima bila mlaji kuulizwa hata mara moja, "Wapenda nini?" Hapo ndipo methali yetu inapotumiwa vibaya. Mwenye njaa kali hula asichokipenda, ni kweli. Lakini kutokana na jambo hilo haifuati kwamba hana akipendacho. Tena lugha yetu ina methali nyingine ambayo yaijibu ya kwanza: "Mwomba chumvi huombea chungu chake." Chumvi haishibishi. Mtu anayeiomba hatafuti kujaza tumbo. Anataka chakula chake kiwe na ladha, na jamii iliyoitunga methali hiyo haikuona ajabu kwamba mhitaji atoke nyumbani kwake kwa sababu hiyo tu.

(Wanafunzi hufurahi wakikumbushwa kwamba mwiko ni katazo, na pia ni chombo cha kusongea ugali. Nyumba nyingi za Dzaleka zinavyo vyote viwili.)

Lawama ya pili ni rahisi kuijibu, ila yafaa tukae nayo kidogo kwa kuwa yagusa kazi yetu. Ni nani aliyewaambia watu kwamba mkate wa jibini wa Kiitalia ni chakula cha matajiri? Katika nchi ya Naples kuna chakula kiitwacho mozzarella in carrozza, yaani mozzarella ndani ya gari la farasi: vipande vya mkate hubanwa jibini, huchovywa katika yai, kisha hukaangwa. Huo ulikuwa ujanja wa jikoni wa kuokoa mkate uliolala. Mapishi mengi ya Italia yanayouzwa leo ghali katika miji mikubwa yalizaliwa vivyo hivyo, kwa watu wasiothubutu kutupa ganda la mkate. Hata nyanya, ambayo bila yake hatuwezi kuwaza chakula cha Waitalia, si yao kwa asili. Ilitoka Amerika katika karne ya 16, na mpishi Antonio Latini alipoandika namna ya kupika mchuzi wake, katika kitabu kilichochapwa Naples miaka ya 1690, aliuita mchuzi wa Kihispania.

Sisi walimu wa Kiswahili tungekuwa wa mwisho kushangaa. Twaketi mezani, neno la Kireno, tukala jibini, neno la Kiarabu, wala hakuna anayetuambia kwamba twasema lugha ya watu. Pale Forodhani, Unguja, huuzwa kitu kiitwacho pizza: unga uliotandazwa mwembamba, ukatiwa yai, nyama ya kusaga na jibini laini, ukakunjwa na kukaangwa juu ya bapa la chuma. Mtu wa Naples hangeitambua. Mzanzibari hana haja ya kumwomba ruhusa. Na rihani, ambayo Mwitalia huitia kwenye nyanya, mwanamke wa pwani huifunga pamoja na asumini ajipambe kwa harufu yake. Sioni ni nani kati yao aitumiaye zaidi ipasavyo.

Mapishi yenyewe hayana siri. Nyanya hukatwa nyembamba, hutiwa chumvi, huachwa zitoe maji, ama sivyo mkate utalowa. Kitunguu saumu husuguliwa juu ya mkate mkavu. Jibini hukunwa ili iyeyuke upesi, na mafuta hupakwa upande wa nje. Kazi iko kwenye moto. Jiko la makaa, ambalo Wamalawi huliita mbaula na Warundi imbabura, lina joto kali. Makaa yasipopunguzwa mkate huungua na jibini ikali baridi. Kwa hiyo sehemu ya makaa huondolewa, kikaango hufunikwa, na mpishi husubiri. Kusubiri huko kwa hiari, kwa mtu ambaye miaka yake mingi amesubirishwa na wengine, nadhani kuna thamani kuliko jibini.

Hata hivyo simtetei kila mnunuzi wa jibini. Mzazi anayejifurahisha mwenyewe hali mwanawe amelala na njaa hana utetezi kwangu, awe Biwi au Roma. Na kuna mtihani mwingine. Vyumba vya Biwi vimebanana, na harufu ya jibini inayoyeyuka haina mpaka. Watoto wa jirani, yule yule mwenye kulaumu, watakuja kusimama mlangoni, nao hawatasema neno. Mwiko wa kula huku mtoto wa mwenzio akitazama wamkuta mama yetu akiwa maskini kamili, na haumwachilii. Mkate mmoja wa jibini wakatika vizuri vipande vinne. Ukikatwa zaidi ya hapo, jibini yote hubaki kisuni.