RUZUKU NI AMANA, NA AMANA HAIFICHWI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kujua yaliyo dhahiri na yaliyo siri. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Neno ruzuku asili yake ni riziki. Mwenye kuruzuku kwa hakika ni Mwenyezi Mungu peke yake. Serikali itoapo ruzuku kwa shule au zahanati haitoi mali yake, bali yafikisha mali ya raia kwa raia: ushuru wa mwuza samaki, kodi ya mkulima, na misaada iliyoombwa kwa jina lao. Basi kila mkono upitao mali hiyo ni mkono wa mwenye kuwekwa amana, wala si wa mwenye mali.

Wako wanenao kuwa kutangaza mali iliyotolewa ni riya, na ya kuwa sadaka ya siri ndiyo bora. Neno hili ni la haki, lakini limewekwa mahali pasipo pake. Katika Sura ya Albaqara, aya ya 271, Mwenyezi Mungu ameisifu sadaka ya dhahiri, akaifadhilisha ile ya siri wapewayo mafukara. Hiyo ni sadaka ya mtu atoaye katika mali yake. Akificha, aficha wema wake. Ama mwenye kushika mali ya watu, akificha, aficha haki ya wenziwe. Na katika sura iyo hiyo, aya ya 282, iliyo ndefu kupita aya zote za Kurani, imeamrishwa deni liandikwe na mwandishi mwadilifu, na liwekewe mashahidi. Ikiwa deni la watu wawili lataka kalamu na mashahidi, itakuwaje mali ya maelfu ya watu?

Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili: hili la Waislamu, na hili amepewa yeye zawadi. Mtume alipanda mimbari, akamhimidi Mola wake, akauliza mbele ya watu: mtu huyo angaliketi nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi hiyo ingalimfuata? Hivyo hesabu ya mali ya umma ilinenwa penye umma.

Na atakaye mfano wa zama hizi na atazame Uganda. Serikali ya huko ilikuwa ikitoa ruzuku kwa shule za msingi kwa hesabu ya wanafunzi, nayo ikipita mikononi mwa maofisa wa wilaya. Uchunguzi wa shule 250, uliofanywa mwaka 1996, ulionyesha kuwa baina ya 1991 na 1995 shule zilipata, kwa wastani, shilingi 13 tu katika kila 100 zilizokusudiwa. Na shule nyingi hazikupata hata senti moja. Wazazi walikuwa wakilipa karo, wala wengi hawakujua kuwa watoto wao wana haki iliyoliwa njiani.

Ndipo serikali ikaamuru fedha zilizopelekwa kila wilaya zitangazwe magazetini, na kila shule ibandike ukutani kiasi ilichopokea. Ilipofika 2001, shule zilikuwa zikipata zaidi ya 80 katika kila 100. Wako wataalamu wasemao kuwa gazeti halikuifanya kazi hiyo peke yake, kwani mambo mengine pia yalitengenezwa miaka hiyo. Na neno lao lina haki. Hata hivyo, karatasi ile ya ukutani ilimpa mzazi kitu asichokuwa nacho: hesabu ya kuulizia.

Wala mizani hii si ya serikali peke yake. Shule au madrasa ipokeapo ruzuku au mchango, yaipasa kamati yake ibandike mlangoni: kimeingia kiasi gani, kutoka kwa nani, kimetumiwa katika nini, na kimebaki nini. Majina ya mafukara waliosaidiwa yasitiriwe. Itangazwe mali, isitangazwe dhiki ya mtu. Mweka hazina mwaminifu asione kuwa ametuhumiwa, kwani daftari lililo wazi ndilo limkingalo na fitina. Wazee walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Na mwenye kuuliza asiitwe mtovu wa adabu, maana aulizia haki ya mtoto asiyeweza kuuliza.

Sura ya Aali Imran, aya ya 161, yaonya kuwa mwenye kufanya hiana katika mali atakuja nayo Siku ya Kiyama. Basi lililo jepesi ni kuifungua hesabu leo mbele ya wazazi wa mtaa, kabla haijafunguliwa kesho mbele ya Mola wa viumbe vyote.

Wabillahi ttawfiq.