Kununua Jina na Kuuza Jina

Ndugu yetu mmoja afanyaye biashara Matulo, baina ya Kitale na Bungoma, ametuletea suala: Je, yajuzu kuuza kamera mpya za filamu zilizopigwa majina makubwa ya zamani, hali waliozitengeneza si wale walioyapatia majina hayo sifa?

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Jina la Kodak lilitolewa na George Eastman wa Marekani mwaka 1888. Baadaye kampuni yake ilitengeneza lenzi za kioo zilizosifika mno, ikaziita Ektar. Mwaka 2022 ikatoka kamera iitwayo Kodak Ektar H35. Hiyo yatengenezwa na kampuni ya Reto ya Hong Kong kwa leseni, na lenzi yake ni ya plastiki. Si kitu cha kutupwa: ni nyepesi, na filamu ya picha 36 hutoa picha 72. Lakini Ektar ile na Ektar hii hazina udugu ila wa jina.

Wala kila jina la kuazima si ubovu. Voigtländer ni nyumba iliyoanzishwa Vienna mwaka 1756. Mwaka 1999 kampuni ya Cosina ya Japani ilitoa kamera kwa jina hilo, na wapiga picha wakazisifu.

Jawabu letu ni hili: mwenye jina akiliuza au akilikodisha kwa ridhaa yake, hapana wizi. Lakini leseni hukata haki baina ya kampuni na kampuni. Haki ya mnunuzi yabaki pale pale.

Mtume (s.a.w.) alikataza kufunga viwele vya ngamia na kondoo ili vionekane vimejaa maziwa, na aliyekwisha kununua akampa hiari ya kumweka mnyama au kumrudisha. Zingatieni: mnyama ni mali ya muuzaji, na maziwa ni ya mnyama yule yule. Hapana neno la uongo lililotamkwa. Kiwele ndicho kilichosema uongo, na mwenyewe akanyamaza.

Mtu atasema: "Sandukuni pameandikwa, mnunuzi na asome." Twamjibu: ukijua kwamba huyu atoa fedha kwa ajili ya sifa ya kale, kunyamaza kwako ni kufunga kiwele. Mwambie nani ameitengeneza na lenzi yake ni ya nini. Akiridhika baada ya hapo, bei ni halali na faida yako ni safi.

Wala tusiwaangalie wauza kamera peke yao. Wangapi miongoni mwetu wajivunia jina la babu aliyekuwa mwanachuoni, wakataka kubusiwa mikono kwa elimu wasiyoisoma? Jina hurithiwa, elimu haipatikani ila kwa kusoma.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.